Unauliza jimbo lipi linalipa madereva wa malori? Anza na mzigo wa kurudi

Kazi yangu ni kukokotoa malipo ya madereva wa malori hapa Marekani, na swali linaloniandama kila wiki ni lile lile: "Nihamie jimbo gani nilipwe vizuri?" Anayeuliza huwa ameshaona ramani mtandaoni, majimbo yamepakwa rangi, na yale ya kijani eti ndiyo yenye hela.

Ramani hizo si za uongo. Takwimu za serikali za Mei 2024 zilimweka dereva wa lori zito aliye katikati kabisa, nusu ya wenzake wakiwa juu yake na nusu chini, kwenye dola 57,440 kwa mwaka. Yapo majimbo yanayopita hapo na yapo yasiyofika. Shida ni kwamba takwimu humhesabu dereva pale ilipo kazi yake kwenye vitabu vya mwajiri, ilhali mwenyewe wiki nzima yuko njiani, anavuka majimbo matano.

Kinachopanga malipo ni mzigo. Chukua Florida. Watu ni wengi, wanakula, wanajenga, wananunua, lakini bidhaa zinazotoka ni chache kuliko zinazoingia. Malori huingia yamejaa na kutoka yakigombea mzigo. Ndiyo maana mzigo wa kwenda Miami hulipiwa vizuri na wa kurudi wakati mwingine haufidii hata dizeli. Kampuni inalijua hilo, kwa hiyo inapopanga senti za dereva kwa kila maili inapigia hesabu safari nzima, kwenda na kurudi. Halafu mavuno ya Florida yakipamba moto, kati ya Machi na Mei hivi, malori ya friji yanatafutwa kwa udi na uvumba na bei ya kutoka inapaa. Jimbo ni lile lile, barabara ni ile ile. Mwenye lori lake huiona tofauti wiki hiyo hiyo. Aliyeajiriwa kwa senti za maili huenda asiione kamwe.

Bwana mmoja aliwahi kuniletea slipu mbili, yake na ya shemeji yake. Yeye alilipwa senti 60 kwa maili, shemeji senti 68 kwenye kampuni ya ukanda wa Kaskazini-Mashariki. Alikuja amefura, anaamini anaibiwa. Nikamwambia tuache senti, tusome maili. Yeye wiki ile alikuwa na 2,500, sawa na dola 1,500. Shemeji alikuwa na 1,800, sawa na dola 1,224. Alinyamaza, akachukua kikokotoo changu akapiga hesabu upya mwenyewe.

Shemeji si mvivu. Anazunguka New Jersey na majirani zake: foleni, safari fupi fupi, maghala yanayomweka getini nusu siku. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11 tu, tena ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi, na saa hizo 14 hazisimami ati kwa sababu anasubiri kushusha. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya masafa marefu yanalazimika kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa, kwa hiyo hata ule ujanja wa kuchezea daftari la kuandikia saa umekuwa mgumu. Kampuni nyingi huanza kulipia kusubiri baada ya saa mbili kupita. Ovataimu je? Sheria ya shirikisho ya 1938 inayoilazimu kwa wafanyakazi wengine iliwaacha nje madereva wa masafa, na mpaka leo wako nje.

Halafu uliza maili zinapimwaje. Kampuni nyingine hulipa kwa jedwali la umbali kati ya mji na mji, si kwa mita ya lori. Jedwali likisema 1,000 na mita ikasoma 1,060, zile 60 umeendesha bure. Kwenye kanda zenye miji iliyosongamana, ambako unazunguka kutafuta ghala lenyewe, hasara hiyo hukukuta kila siku.

Alaska na maeneo ya mafuta ni habari nyingine. Barabara ya Dalton, maili 414 hadi karibu na visima vya Prudhoe Bay, inalipa kwa sababu wanaoiweza ni wachache na kosa moja kwenye barafu halina suluhu. North Dakota nako kulikuwa na neema mpaka bei ya mafuta ilipoporomoka mwishoni mwa 2014. Hata kabla ya hapo, kodi ya nyumba Williston, mji wa mafuta wa jimbo hilo, ilikuwa imemeza sehemu kubwa ya nyongeza.

Jambo moja ambalo jimbo lina kauli nalo kweli ni kodi ya mapato. Kwa sheria ya shirikisho, dereva aliyeajiriwa ambaye kazi yake ya kawaida inavuka majimbo hutozwa kodi hiyo na jimbo anakoishi tu, hata kama alipita kumi. Anayeishi Texas, Florida au Tennessee halipi kodi ya jimbo kwenye mshahara wake, na kampuni inaweza kuwa popote. Ila anayefanya kazi ndani ya jimbo moja tu, sheria hiyo haimhusu, na nimeshaona slipu za waliohama nyumba bila kuliangalia hilo.