Kidole Kilichofutwa na Jembe

Mkulima aliyeshika jembe miaka arobaini anafika kujiandikisha, anabonyeza kidole kwenye kioo cha mashine, na mashine inamkataa. Mistari ya kidole imesagika. Karani humwambia afute mkono, ajaribu tena. Sisi tunaofundisha falsafa ya teknolojia huuliza: aliyeunda mashine hii alikuwa na vidole vya nani akilini?

Swali hili lina ukoo. Mwaka 1877 Mjerumani Ernst Kapp alitoa kitabu cha kwanza kubeba jina la falsafa hiyo. (Neno lake, Technik, liko karibu zaidi na "ufundi" wetu.) Kapp alikuwa amewahi kuhamia Texas akalima huko miaka mingi, na nadhani inaonekana: kwake zana ni mwili uliorefushwa. Nyundo ni ngumi, ndoana ni kidole kilichopinda, bakuli ni kiganja kilichokunjwa. Mwenye jembe la mkono humwelewa upesi.

Waliomfuata waliogopa zaidi. Mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja, Uganda, mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger alichapisha insha yake kuhusu teknolojia, na mfano wake mmoja ulikuwa mtambo wa umeme kwenye mto Rhine. Mto ukishafungiwa mitambo, alisema, unageuka kuwa akiba ya nguvu inayongoja kuchotwa. Ni hoja nzito, ila teknolojia yote inakuwa kama jini moja. Aliyesoma kwa koroboi huku nyaya za umeme zikipita juu ya paa lao atataka kujua akiba hiyo ni ya nani.

Hapo ndipo taaluma ilipogeukia. Mwaka 1980 Mmarekani Langdon Winner aliuliza kama vyombo vina siasa ndani yake. Mmarekani mwingine, Don Ihde, na baadaye wanafalsafa wa Uholanzi, walichunguza chombo kimoja kimoja, miwani hadi mashine za hospitali.

Sasa hoja ya Kapp imepinduka: mashine inausoma mkono na kuamua mwenye mkono ni nani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, nayo inahusu taarifa zikusanyweje na zitunzweje. Kwa nini kidole kiwe mlango ni swali linalotangulia, na mahali pake ni kwenye zabuni, mashine zikiwa bado hazijanunuliwa: kidole kikigoma, njia ya pili ni ipi, na ni nani pale dirishani mwenye ruhusa ya kuitumia?