Mishipa ya miguu ikivimba: hujarogwa, na usichanje chale

Watu wakiona mishipa ya bluu imevimba na kujikunjakunja kwenye kigimbi utasikia huyu kakanyaga tego, au damu chafu imejaa lazima itolewe. Hapana jamani. Damu ikishafika miguuni inatakiwa ipande irudi kwenye moyo, na ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kuna valvu (vijimlango) ndogondogo zinazoizuia isishuke tena, sasa zikilegea damu inarudi chini, inatuama, mshipa unatanuka. Zinalegea kwa kurithi, umri, uzito, ujauzito na kusimama masaa mengi. Hakuna aliyekutupia kitu.

Ndo maana hii ya kuchanja chale au kuumikwa juu ya mshipa inaniuma sana! Ile vena iko karibu kabisa na ngozi, ikikatwa inamwaga damu nyingi, na kidonda cha hapo, hasa karibu na kifundo, kinaweza kukaa miezi bila kupona. Hata ikipasuka yenyewe: lala, inua mguu juu, kandamiza na kitambaa safi dakika 10 mpaka 15 bila kuchungulia, halafu hospitali.

Eti ugonjwa wa wanawake. Wanawake wanapata zaidi kweli, ila mlinzi, kinyozi na konda anayesimama kutwa nao wamo. Mjamzito asipaniki, mara nyingi inapungua miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Wengine wanaacha kutembea wakidhani wanajikinga, kumbe kigimbi kikikaza ndo kinasukuma damu juu, kibaya ni kusimama palepale. Ukipumzika weka miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo. Soksi za kubana zinapunguza maumivu na uvimbe ila hazirudishi valvu, na mwenye kisukari au ambaye damu haifiki vizuri miguuni amuone daktari kwanza asijinunulie tu.

Na lile swali, daktari akiuziba mshipa kama tiba, damu itapita wapi? Itapita vena za ndani, hizo ndo zinabeba damu nyingi ya mguu. Daktari anapima ultrasaundi kwanza, kisha anaziba kwa leza au sindano, au anautoa kwa upasuaji, japo mwingine unaweza kutokea baadaye.

Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma na una joto, inawezekana damu imeganda vena ya ndani, nenda siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikata, hata kama ni usiku wa manane usisubiri kukuche.