Je, Wajua? Umati wa Mwaka Mpya Kwenye Mahekalu ya Japani Uliletwa na Reli

Ukienda Sensō-ji, hekalu la Kibudha lililoko Asakusa jijini Tokyo, tarehe 1 Januari, usitarajie kupita moja kwa moja. Foleni huanzia nje ya lango la Kaminarimon, lile lenye taa kubwa nyekundu ya karatasi, na njia ya maduka ya Nakamise, yenye urefu wa mita 250 hivi, hufurika watu bega kwa bega. Polisi huwaachia kwa makundi: waliotangulia wakishaomba na kutupa sarafu zao, ndipo wanaofuata husogea. Mtalii anayeganda kwa baridi humo hujipa moyo kwamba walau anashiriki mila ya karne na karne.

Hekalu lenyewe ni kongwe kweli. Kwa mapokeo lilianza mwaka 628. Umati wa tarehe 1 ndio mchanga.

Ziara hiyo ya kwanza ya mwaka huitwa hatsumōde, na Wajapani huifanya kwenye mahekalu ya Kibudha na ya Shinto, dini ya asili ya Japani, pia. Watu wengi, wakiwemo Wajapani wenyewe, huamini imerithiwa hivyo hivyo tangu zama za mashogun, watawala wa kijeshi wa kale. Lakini wakati huo mambo yalikuwa tofauti. Palikuwa na desturi ya mkuu wa kaya kukesha katika hekalu la mungu mlinzi wa eneo lake usiku wa kuamkia mwaka mpya. Mahekalu mashuhuri nayo yalikuwa na siku zao maalumu. Kawasaki Daishi, kusini mwa Tokyo, siku yake ilikuwa tarehe 21 ya mwezi, na ya Januari ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Tarehe 1 haikuwa na uzito huo.

Halafu kulikuwa na suala la dira. Kila mwaka, kalenda ya kale hutaja upande mmoja wenye baraka, na aliyetaka kuzuru alichagua hekalu lililoko upande huo akipimia kutoka nyumbani kwake. Pande zenyewe ni nne tu na hurudi kwa mzunguko wa miaka mitano. Ni sawa na mnada unaohama vijiji: wiki hii wateja wako hapa, wiki ijayo wako kwingine, na mwenye genge asiyehama hana budi kungoja zamu yake. Hekalu, bila shaka, halihami. Reli nayo haihami, na hapo ndipo penye kiini cha habari hii.

Treni ya kwanza ya Japani, kati ya Shimbashi jijini Tokyo na Yokohama, ilianza mwaka 1872 ikiwa na kituo Kawasaki. Mwaka uliofuata nchi ikahamia kalenda ya Kimagharibi, na Januari mosi ikawa mwaka mpya rasmi. Mtu wa mjini mwenye mapumziko sasa aliweza kufika Kawasaki Daishi na kurudi siku hiyo hiyo, kuomba na kupunga upepo kwa nauli moja. Mwaka 1899, tarehe 21 Januari (siku haikuchaguliwa kwa bahati), ikafunguliwa reli ya umeme ya kilomita 2 hivi kuelekea hekaluni. Kampuni za reli zilipoanza kugombania abiria, hakuna iliyofaidika kwa kuwakumbusha kwamba mwaka huu baraka ziko upande mwingine. Polepole dira ikasahaulika, na hekalu lolote likawa sawa mwaka wowote.

Si kwamba reli iliwafundisha watu kuomba, ibada zilikuwepo. Reli ilibadilisha siku na mahali. Hekalu la Meiji la Tokyo, ambalo hutajwa kupokea watu takriban milioni 3 katika siku tatu za kwanza za mwaka, lilizinduliwa mwaka 1920 tu.

Upande wa baraka haukufa kabisa. Mapema Februari, siku ya Setsubun, yaani mkesha wa majira ya kuchipua kwa kalenda ya kale, Wajapani wengi hula sushi nzima ya kuviringishwa bila kusema neno, wakiwa wameuelekea. Mwaka 2026 ni kusini-kusini-mashariki. Desturi hiyo ilitoka Osaka, na safari hii walioisambaza nchi nzima ni wenye maduka.