Usimwage udongo wa chungu kisichoota: mayungiyungi ya mbegu ulizochanganya mwenyewe

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu walioanza kuchanganya mayungiyungi yao wenyewe, yaani kuchavusha ua la moja kwa chavua ya jingine ili wapate machotara, ni hili: "Mbegu zangu zimekufa?" Wamechavusha kwa uangalifu, wamevuna, wamesia, wamemwagilia miezi mitatu, na juu ya udongo hakuna hata jani moja. Mimi nawajibu kwamba wachimbue kidogo kwa ncha ya kijiti kabla ya kumwaga. Mara nyingi mbegu ni nzima, na zimekwisha kuota, ila zimeota chini kwa chini. Nasikitika sana nikifikiria machotara mazuri yaliyotupwa jalalani yakiwa hai.

Ninazungumzia mayungiyungi ya jenasi ya Lilium (kwa kifupi L.), yenye tunguu la magamba. Yungiyungi la majini ni la ukoo mwingine kabisa na haya hayalihusu.

Kwa nini mtu ahangaike na mbegu wakati matunguu yanauzwa? Kwanza, kila aina ya bustani yenye jina lake ni mmea mmoja uliogawanywa maelfu ya mara. Tunguu lako na la mtu wa bara jingine ni mwili uleule, na virusi vilivyouingia mwili huo huhama nao kila unapogawanywa. Kwenye mayungiyungi virusi hivyo kwa kawaida havipiti katika mbegu, kwa hiyo mche wa mbegu huanza maisha ukiwa safi hata kama mama yake ana mabaka ya ugonjwa kwenye majani. Pili, kila mbegu ya chotara ni kitu kipya. Miche iliyotoka tunda moja hutofautiana kwa rangi, kimo, harufu na jinsi ua linavyotazama, kama ni juu, pembeni au chini.

Ukishajua kwamba aina yenye jina ni mmea mmoja, utaelewa pia kwa nini kupaka chavua ya ua moja kwenye ua la jirani yake wa jina hilohilo mara nyingi hakuzai kitu. Mayungiyungi mengi hukataa chavua yake yenyewe, na matunguu mawili ya jina moja ni "yenyewe" hata yakiwa kwenye vyungu viwili. L. formosanum ni miongoni mwa machache yanayokubali. Tafuta wazazi wawili tofauti, na mwanzoni wawe wa kundi moja la mayungiyungi ya bustani: ya Kiasia kwa ya Kiasia, ya Mashariki kwa ya Mashariki, ya tarumbeta kwa ya tarumbeta. Yungiyungi la chui, L. lancifolium, liepuke lisiwe mama. Mengi yanayopandwa bustanini yana seti tatu za kromosomu badala ya mbili, ndiyo maana hayazai mbegu na huzaana kwa vitunguu vidogo vyeusi vinavyoota kwenye makwapa ya majani.

Kuvuka makundi kunawezekana, lakini ujiandae kwa matunda matupu. Mmarekani Leslie Woodriff aliunganisha L. speciosum na L. henryi katika miaka ya 1950 akapata 'Black Beauty', ua jekundu lililokolea lenye nguvu ya ajabu, ambalo lenyewe karibu halizai kabisa. Ni yeye pia aliyetoa 'Star Gazer', yungiyungi la Mashariki linalotazama juu wakati ndugu zake wengi waliinamisha vichwa. Machotara mengine ya makundi ya mbali hupatikana maabara tu, kwa kutoa kiinitete ndani ya mbegu changa kabla hakijafa njaa na kukilea kwenye chupa. Kwa anayeanza nyumbani, ningependekeza L. regale awe mmoja wa wazazi. Ernest Henry Wilson alilileta kutoka mabonde ya Sichuan, China, na katika safari ya 1910 ya kulikusanya maporomoko ya mawe yalimvunja mguu. Ni la tarumbeta, lina harufu kali, linazaa mbegu kwa wingi, na mbegu zake huota upesi.

Sasa kazi ya mkono. Chagua tumba lililokwisha kupata rangi na linaloelekea kufunguka kesho yake. Lifungue polepole kwa kidole, jani la ua moja baada ya jingine. Ndani utakuta vifuko sita vya chavua, virefu, bado vimefumba na laini. Vitoe vyote kwa kibanio kabla havijapasuka, usije ukakuta mmea umejichavusha au mdudu amekutangulia. Kinachobaki katikati ni shina jembamba lenye kichwa cha pembe tatu, yaani stigma. Siku hiyo au inayofuata kichwa hicho hung'aa kwa utomvu unaonata. Hapo ndipo kimekuwa tayari: shika kifuko kilichopasuka cha mzazi wa kiume kwa kibanio na ukisugue juu yake mpaka rangi ya chavua ifunike pembe zote tatu. Halafu nakifunika kwa kofia ndogo ya karatasi ya aluminiamu niliyoizungushia penseli, nikaibana chini kidogo, na kufunga lebo kwenye kikonyo papo hapo. Jina la mama huandikwa kwanza, kisha alama ya kuzidisha, kisha baba, na tarehe. Tumia penseli ya risasi, maana wino wa kalamu nyingi hufutwa na jua kabla tunda halijaiva.

Kama baba anachanua mapema kuliko mama, anika vifuko vyake kivulini siku moja au mbili mpaka vikauke, uvitie kwenye kichupa kidogo pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu, na ukiweke kwenye friji. Chavua kavu hukaa hivyo wiki kadhaa, na kwenye friza hukaa muda mrefu zaidi. Unyevu ndio unaoiua.

Nyumba yenye paka isiingize kazi hii ndani. Kila sehemu ya yungiyungi, hata chavua aliyojiramba kutoka kwenye manyoya, inaweza kuharibu figo za paka na kumuua. Hili silisemi kwa kutisha watu. Ni jambo la kulizingatia kabla hujaleta chungu cha kwanza.

Uchavushaji ukishika, ovari huanza kunenepa siku chache baada ya maua kuanguka, na tunda huinuka likasimama wima hata kama ua lilikuwa limeinama. Huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu kuiva. Livune likishakuwa manjano au kahawia na ncha yake inaanza kupasuka. Ndani mbegu bapa zimelala moja juu ya nyingine kama sarafu, safu sita kwa kila tunda. Usihesabu bado, kwani nyingi zinaweza kuwa makapi. Weka mbegu juu ya kioo chenye taa chini yake: iliyo hai inaonyesha mstari mwembamba wa kiinitete katikati, na isiyo hai ni utando mtupu. Tunda nene kutoka uchanganyaji wa mbali linaweza kuwa na mbegu hai nne tu, na hizo nne ndizo zenye thamani kuliko kitalu kizima cha mbegu rahisi.

Hapa ndipo tunarudi kwenye kile chungu kitupu. Mayungiyungi yana namna mbili kuu za kuota, na usipojua mbegu yako ni ya namna ipi, huna njia ya kujua kama umefanikiwa au umeshindwa.

Namna ya kwanza ni ya mbegu zinazotoa jani juu mara moja. Ya Kiasia mengi, ya tarumbeta, L. regale, L. longiflorum na L. formosanum yamo humu. Zisie kwenye mchanganyiko mwepesi usiotuamisha maji, zifunikwe kwa udongo mwembamba wa nusu sentimita au zaidi kidogo, zipate joto la kawaida la chumba, na katika wiki mbili hadi sita utaona kitu kinachofanana na jani la nyasi. Kiangalie kwa karibu kabla ya kung'oa magugu. Hutoka kikiwa kimekunjwa katikati kama kitanzi, kisha kinajinyoosha kikiwa na ganda la mbegu nchani.

Namna ya pili ni ya mbegu zinazotengeneza tunguu kwanza na jani baadaye. Ya Mashariki, pamoja na wazazi wake L. auratum na L. speciosum, na ya kundi la martagon (L. martagon na machotara yake) ni ya namna hii. Mbegu hutoa mzizi na kijitunguu cha milimita chache chini ya udongo wakati wa joto, kisha husubiri baridi. Bila baridi hiyo jani linaweza lisitoke kabisa, hata umwagilie mwaka mzima. Ni utaratibu wa asili yao: mbegu huanguka mwisho wa kiangazi, hujenga tunguu kabla ya theluji, na jani halithubutu kutoka mpaka baridi ipite.

Kwa hizi siku hizi situmii chungu mwanzoni. Natia mbegu kwenye mfuko wa plastiki wa kufungika pamoja na vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa mpaka isidondoshe tone. Mfuko unakaa kwenye nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi kwa miezi mitatu hivi. Uzuri wake ni kwamba unaona: unauinua kwenye mwanga na matunguu meupe yanaonekana yamegusa plastiki, kila moja na mzizi wake. Yakishajaa, mfuko unahamia kwenye friji, nyuzi 4 hivi, miezi mitatu mingine. Ndipo yanapandwa, na majani hutoka baada ya wiki chache. Ukiona kuvu ya kijivu kwenye mbegu moja, itoe hiyo na uache zilizobaki.

Vipi ukichanganya wazazi wa namna mbili tofauti? Ndugu wa tunda moja wanaweza kuota kila mmoja kivyake, wengine mara moja na wengine baada ya baridi. Basi zipitishe zote kwenye mzunguko mzima: joto, baridi, joto tena. Waliotangulia kutoa majani waondoe uwapande, mfuko ubaki na wengine.

Kulea miche hakuna siri kubwa zaidi ya maji yasiyotuama, hewa inayopita kati ya majani ili ukungu wa Botrytis usipate makao, na kuwamaliza vidukari mapema, maana ndio wanaobeba virusi kutoka mimea ya zamani hadi hii safi. Nawaweka miche mbali kabisa na matunguu ya kununuliwa. L. formosanum linaweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja tangu kusiwa. Ya Kiasia huhitaji miaka miwili au mitatu, ya Mashariki zaidi ya hapo, na martagon hata miaka mitano hadi saba.

Ua la kwanza lisikuharakishe kuamua. Mche mdogo hutoa ua moja lililo dogo na wakati mwingine lenye umbo lililopinda, na mwaka unaofuata unatoa matano yaliyonyooka. Mimi nauangalia misimu miwili kabla ya kuuondoa, isipokuwa ule unaougua ovyo wakati ndugu zake wako wazima. Huo hauhitaji kusubiriwa. Ukipata mmoja wa kuuweka, kumbuka mbegu zake hazitarudia sura yake. Chimbua tunguu likiwa limepumzika, vunja magamba machache ya nje karibu kabisa na kitako, uyaweke kwenye mfuko uleule wa vemikulaiti mahali pa joto, na baada ya wiki sita hadi nane kila gamba litakuwa limetoa vijitunguu kwenye kingo za chini. Hivyo ndivyo mmea huo mmoja unavyokuwa kumi. Na ukitaka kuupa jina rasmi, msajili wa kimataifa wa majina ya mayungiyungi ni Royal Horticultural Society ya Uingereza, ambayo itakuuliza mama ni nani na baba ni nani, na lebo ile ya penseli ndiyo yenye jibu.