Misuli ya Makalio: Maswali na Majibu Kuhusu Kuijenga

Misuli hii ina kazi gani, zaidi ya umbo?

Kila upande una misuli mitatu. Ule wa juu, ambao ndio mkubwa kuliko misuli yote mwilini, huinyoosha nyonga tunapoinuka kitini, tunapopanda ngazi au kukimbia. Miwili iliyo chini yake huizuia nyonga isilalie upande mmoja tunaposimama kwa mguu mmoja, jambo tunalolifanya katika kila hatua tunayopiga.

Je, kuchuchumaa na kuinuka kunatosha?

Kwa anayeanza kunafaa sana, lakini mapaja hubeba sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo ongeza zoezi la kulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikikanyaga sakafu, kisha kuinua nyonga hadi mwili unyooke kutoka mabegani mpaka magotini. Na kwa misuli ya pembeni, lala ubavu uinue mguu wa juu. Hata hivyo, kinachojenga msuli hasa ni mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, na hapa ndipo wengi hukwama: mtu anayerudia mara 15 zilezile kila wiki, bila hata kuchoka, hutunza tu alichonacho. Fanya awamu 3 za marudio 8 hadi 12, yale mawili ya mwisho yakiwa magumu kweli, na yakishakuwa mepesi ongeza uzito. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana, zinatosha.

Na chakula?

Msuli hujengwa kwa protini. Kwa afanyaye mazoezi ya uzito, takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku hutosha. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza.

Mbona mwenzangu amebadilika haraka kuliko mimi?

Umbo la mfupa wa nyonga na mahali mwili unapohifadhi mafuta hurithiwa. Nguvu huongezeka kabla ya umbo, nalo huhitaji miezi.

Vipi kuhusu krimu, vidonge na sindano?

Hakuna krimu inayojenga msuli. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha makalio vimekutwa na deksamethasoni, dawa inayoweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Sindano za silikoni ya majimaji ni hatari zaidi, kwa kuwa silikoni ikiingia kwenye mishipa ya damu inaweza kuziba ile ya mapafu na kuua. Aliyekwisha kudungwa, akihisi kubanwa na pumzi au maumivu ya kifua, apelekwe hospitali mara moja, na aseme wazi alichodungwa.