Sugu si uchafu: tunavyokosea kusugua miguu

"Nimesugua mpaka mguu unawaka, mbona magaga hayaishi?" Swali hili nimelisikia mara nyingi, na karibu kila anayeliuliza anaamini kwamba ile ngozi ngumu ya kisigino, yaani sugu, ni uchafu ulioganda. Si uchafu. Ni ngozi yake mwenyewe: seli zilizokufa zenye keratini (protini ngumu kama ya kucha), ambazo mwili umezipanga tabaka juu ya tabaka kwa sababu mahali hapo panabanwa na kusuguliwa kila siku. Ukiikwangua yote leo, mwili utaijenga tena, maana kilichoileta bado kipo.

Kwa hiyo kazi ya jiwe au tupa ni kupunguza tu. Pitisha kidole, ngozi ikiwa haikwaruzi tena, acha. Ukiona wekundu au ukihisi mchomo, umeshapitiliza.

Wapo wanaosema wembe ndio unaomaliza kazi, na hili linanitia hofu kuliko yote. Ngozi iliyokufa haina hisia, hivyo utakapohisi maumivu utakuwa umeshafika kwenye ngozi hai. Na kidonda cha kisigino unakikanyaga kila hatua. Kwa mwenye kisukari hatari ni kubwa zaidi: sukari ikishaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, anaweza kujikata asijue, na kidonda kikachelewa kupona. Huyo asiguse wembe, tupa ya chuma wala dawa za asidi za kuondoa sugu. Miguu yake iangaliwe na mtaalamu wa afya.

Kosa jingine ni kudhani vifaa vyote hutumika namna moja. Jiwe la kusugulia, lile jepesi lenye vitundu, ni lava ya volkano iliyojaa gesi ikaganda ghafla, na kingo za vitundu hivyo ndizo zinazokwaruza. Linataka maji. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, lilowanishe na jiwe, kisha sugua taratibu kwa mizunguko midogo. Utaona ngozi imegeuka nyeupe na vijipande vinajiviringisha chini ya jiwe kama mabaki ya ufutio. Hapo suuza, kausha, utazame upya, kwa sababu ngozi iliyonyonya maji huvimba na kuonekana nene kuliko ilivyo. Wengi hujichubua hapo hapo, wakidhani bado kuna kazi kubwa. Tupa ya msasa wengi huitumia mguu ukiwa mkavu, na ni rahisi kuona ulipofika. Mashine ya betri yenye roli usiikandamize wala kuitua sehemu moja. Fuata maelekezo yaliyokuja nayo.

"Jiwe moja linatosha nyumba nzima." Hapana, kila mtu awe na lake. Vitundu vile hushika ngozi iliyokufa na unyevu, na fangasi wa miguu na virusi vya chunjua vinaweza kuhama hivyo kutoka mguu hadi mguu. Baada ya kulitumia, lisugue kwa brashi na sabuni, ulianike likauke kabisa. Na kama unachokiita sugu kina vidoti vyeusi na kinauma ukikibana kutoka pembeni, huenda ni chunjua, usikisugue, kaonyeshe.

Kusugua peke yake hakutoshi. Nyayo hazina tezi za mafuta kabisa, ndiyo maana hukauka kuliko ngozi nyingine. Paka mara tu unapomaliza kujifuta, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu: mafuta mazito ya mgando, au krimu yenye yurea (kiambato cha kulainisha ngozi), kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Magaga yaliyopasuka hadi kutoa damu usiyaguse kwa jiwe. Yapake mafuta kwanza mpaka yafunge, na yasipofunga, nenda hospitali.

Na sugu ikirudi mahali palepale kila baada ya wiki chache, weka jiwe chini uchukue kiatu. Ingiza mkono ndani, upapase pale mguu unapokaa, utafute mshono, ukingo au soli iliyolika upande mmoja.