Diamiktaiti kwanza, barafu baadaye

Ukikuta mwamba wenye mawe ya kila ukubwa, kokoto hadi majabali, yaliyotawanyika ndani ya tope lililogeuka mwamba, usiuite tilaiti papo hapo. Tilaiti ni mwamba wa mashapo yaliyoachwa na barafu, na hilo bado hujalithibitisha. Andika diamiktaiti. Mwanajiolojia Flint na wenzake walilitoa jina hilo mwaka 1960 ili litaje kinachoonekana tu, yaani mchanganyiko usiopangika kwa ukubwa. Maporomoko ya tope chini ya bahari huzaa mwamba wa sura hiyohiyo, na hapo wengi hupotea.

Mimi huanza na unene wa tabaka, asilimia ya mawe, aina zake, na urefu wa jiwe kubwa kuliko yote. Kisha napima uelekeo wa mhimili mrefu wa mawe yasiyopungua 50. Michirizo, yaani mikwaruzo juu ya jiwe, huitafuta kwenye mawe laini kama chokaa. Graniti huihifadhi kwa shida. Michirizo ya barafu hupishana juu ya nyuso zilizosagwa bapa. Ikiwa yote inafuata mwelekeo mmoja na inapita hadi kwenye tope lenyewe, hiyo ni kazi ya mpasuko ulioteleza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni jiwe lililodondoka kutoka barafu inayoelea. Tabaka nyembamba chini yake zimetobolewa au kukatika, za juu zimelifunika taratibu. Zikiwa zimepinda sawasawa juu na chini, huenda ni mgandamizo tu.

Sasa jina la tabaka hizo. Fomesheni, yaani kipande cha msingi cha miamba kinachopewa jina rasmi, lazima iweze kuchorwa kwenye ramani. Unene si hoja. Chukua jina la mahali pa kudumu ambalo halijatumika, mto au kilima, uongeze aina ya mwamba au neno Fomesheni. Usiweke tilaiti humo. Miamba ya Dwyka ya Afrika Kusini, iliyopewa jina la mto, yenye umri wa miaka milioni 300 hivi, iliitwa Konglomerati, ikaitwa Tilaiti, leo ni Kundi, ngazi iliyo juu ya fomesheni. Jina la mto ndilo lililobaki.

Mwisho, teua sehemu ya mfano, yaani mahali ambapo wengine wataiona fomesheni hiyo kama ulivyoieleza, utoe viwianishi vyake, na ueleze mipaka ya chini na ya juu. Mpaka wa chini ukiwa umefukiwa, tafuta sehemu ya pili unapoonekana. Usiuruke: mara nyingi sakafu iliyochirizwa, yaani mwamba wa chini uliokwaruzwa na barafu, kama ile ya Nooitgedacht karibu na Kimberley, ndiyo inayomaliza ubishi.